Hitishrinki ni nini, na utajuaje saizi ya kununua

Hitishrinki ni kale kamrija ka plastiki fundi anakaingiza kwa waya, anakapiga moto, na kanasinyaa mpaka kanaibana waya kabisa. Kazi yake ni kuzuia shaba isiguse kitu kingine ikapiga shoti, na kuzuia vumbi na mikwaruzo isifike pale ulipounga, na ule wenye gundi ndani unazuia hata maji. Lakini yenyewe haiungi waya, na hili naliweka mbele kabisa kwa sababu huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukifungua chini ya tanki la boda mara nyingi unakuta waya zimesokotwa na vidole tu, halafu juu zimevishwa mrija mweusi mzuri, na mwenye boda anashangaa mbona taa inafifia kila akiingia kwa shimo. Jointi iliyolegea inazuia umeme kupita vizuri na pale panachemka, na mkondo ukiongezeka mara mbili ule moto unakuwa mara nne. Mrija unaficha tu hiyo shida usiione. Kwanza piga solda au bana kwa krimpa (koleo la kubania jointi) vizuri, vuta waya uone haichomoki, ndiyo uvishe.

Kwa nini inasinyaa badala ya kuyeyuka? Mirija mingi ya kawaida ni ya poliolefini, familia moja na ile polithini ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Tofauti ni kwamba kiwandani mrija unatengenezwa ukiwa mwembamba, unapigwa mionzi ya elektroni ambayo inafunga minyororo ya plastiki ile na hii, halafu unapashwa moto, unapanuliwa, unapozwa ukiwa hivyohivyo umepanuka. Ukija wewe kuupasha tena unarudi kwa ule wembamba wake wa kwanza. Kaveera haina hiyo mionzi ndiyo maana ikiona moto inadondoka matone. Kampuni iliyojenga biashara yake juu ya teknolojia hii ni Raychem ya California, ilianzishwa na Paul Cook mwaka 1957.

Sasa kuchagua, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Mrija una namba mbili na wengi wanauliza moja tu. Kuna upana kabla ya moto na upana baada ya moto. Ukiona imeandikwa 2:1 maana yake unasinyaa hadi nusu, wa milimita 10 unaishia 5. Wa 3:1 unaishia theluthi, wa 4:1 unaishia robo. Kanuni ni kwamba upana wa kabla lazima upite kwenye sehemu nene kuliko zote, na upana wa baada lazima uwe mdogo kuliko sehemu nyembamba kuliko zote unayotaka ibanwe. Chukua waya ya sola yenye unene wa milimita 6 ikiwa na ngozi yake, jointi umebana na kibomba cha kuungia mpaka pakafika milimita 8. Mrija wa 10 kwa 5 unapita pale kwa 8 na unabana pale kwa 6, umemaliza. Lakini kama mwisho wa waya kuna kichwa cha milimita 14 ambacho hakitoki na lazima mrija upitie hapo, ukichukua 16 wa 2:1 utasinyaa hadi 8 na uishie hapo, utabaki unacheza juu ya waya ya 6 hata uupige moto mpaka jioni. Hapo unataka 16 wa 4:1, ambao unashuka hadi 4. Na usichague mrija ambao kipimo chake cha mwisho kinalingana sawasawa na waya, acha ubaki na hamu ya kusinyaa kidogo, ile hamu ndiyo inayobana.

Kosa la dukani ni hili: mtu ana waya ya 2.5 anaomba mrija wa 2.5. Ile 2.5 ya waya ni eneo la shaba ukiikata, milimita za mraba, siyo unene. Waya moja ya 2.5 ya nyumba pamoja na ngozi yake ina unene kama milimita 3.5 hadi 4, mrija wa 2.5 hata hauingii. Beba kipande cha waya yako uende nacho dukani. Na ukipima mrija ukiwa umelala bapa kama utepe utapata namba kubwa kuliko upana wake wa kweli, gawanya kwa 1.57 ndiyo upate upana wa mviringo, yaani bapa la milimita 16 ni mrija wa 10 hivi.

Kitu kingine, na mimi hapa sibembelezi mtu: waya yoyote ya nje nunua mrija wenye gundi ndani. Ule mwembamba wa kawaida unazuia shoti lakini haufungi maji, maji yanaingia pole pole kwa ncha zake, yanakaa pale ndani hayatoki, na baada ya muda ukiukata unakuta shaba imekuwa poda ya kijani. Wenye gundi una kuta mbili, ya ndani inayeyuka ikipata moto na kujaza mianya yote. Waya za sola juu ya bati, pampu ya kisima, taa za boda, taa za wavuvi wa mukene (dagaa) ziwani, zote hizo ni za gundi. Ni ghali zaidi na ni mgumu kidogo kukunja, lakini bei yake ni ndogo ukilinganisha na kupanda tena juu ya bati kutafuta jointi iliyooza. Ndani ya nyumba, ndani ya redio au chaja, ule wa kawaida unatosha.

Urefu pia usibanie. Mrija unafupika kidogo ukisinyaa, kwa hiyo kata mrefu, ulalie juu ya ngozi ya waya angalau sentimita moja kila upande, na wenye gundi mpe hata mbili. Na uuingize kwa waya KABLA hujaunga, uusukume mbali kabisa ili joto la solda lisiusinyaze kabla ya wakati.

Moto wenyewe: poliolefini inaanza kusinyaa kwenye nyuzi 70 hadi 90 hivi na inamaliza karibu na 120. Bunduki ya hewa moto ndiyo nzuri. Kiberiti cha gesi watu wanatumia na kinawezekana, ila ule mwali una joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kwa hiyo mwali usiguse mrija, uuweke chini kidogo na uendelee kuzungusha, ukiona masizi au mrija unang'aa kupita kiasi umeshaunguza. Anzia katikati uende kwenye ncha, hewa isukumwe nje isibaki puto. Utajua umemaliza wenye gundi ukiona kapete kembamba ka gundi kametokeza kwa kila ncha pande zote, kama upande mmoja hakajatokea rudisha moto hapo. Halafu acha upoe ndiyo ukunje waya.

Rangi: nje weusi, kwa sababu kaboni iliyo ndani yake inavumilia jua. Nyekundu, manjano na bluu zinasaidia kuonyesha fezi. Karibu na eksozi au injini poliolefini ya nyuzi 125 inaweza isitoshe, kuna ya silikoni inayofika 200.

Soma pia maandishi kwenye mrija, mingi imeandikwa voliti 600 na nyuzi 125, hiyo inatosha kwa 240 ya nyumbani. Haitoshi kwa laini ya 11,000 au 33,000. Huko kuna seti zake maalum zenye mirija ya kutawanya nguvu ya umeme, na ni kazi ya mafundi waliosomea na laini ikiwa imezimwa.

Kama waya imeshafungwa pande zote mbili na huwezi kuingiza mrija, usiupasue ukaufunga na tepu juu, ukipata moto utafunguka palepale ulipopasua. Chomoa upande mmoja, au tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ile unayoivuta ukizungusha na inakuwa kitu kimoja.