Homoni zimeshuka, sasa unataka nipime nini?

Leo tena nimeombwa kipimo cha homoni. Wa kwanza alikuja Juni, baba mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, mkewe nyuma yake na kichanga cha wiki sita. "Dokta, hela ninayo, mpime homoni." Kasikia sonona ya uzazi, ile huzuni nzito ya baada ya kujifungua, inaletwa na homoni kushuka, basi anataka kujua zimeshuka kiasi gani.

Zimeshuka, baba. Kondo likishatoka, estrojeni na projesteroni zinaporomoka ndani ya siku chache, awe mzazi wa Uyole, Tukuyu au Kyela. Mwenzake waliyelala naye wodini, ambaye sasa anauza viazi Mwanjelwa huku anacheka na wateja, zake zilishuka vilevile. Niletee majibu ya wote wawili bila majina: sitaweza kukuambia nani analia usiku.

Kinachotofautiana ni ubongo unavyoupokea mporomoko huo. Mwaka 2000 Wamarekani walichapisha jaribio ninalolipenda mno. Wanawake 16 waliowahi kuzaa, 8 walishapata sonona ya uzazi, 8 hawakuipata. Wote walipandishiwa homoni hizo mbili kuigiza ujauzito, kisha zikakatwa kimyakimya. Kundi la kwanza, watano walivurugika hisia. Kundi la pili, hata mmoja. Homoni zilezile! Ndiyo maana naanza na swali, "Uzazi uliopita ulikuwaje?", sindano baadaye.

Damu nachukua, ila natafuta upungufu wa damu, na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambayo huweza kuyumba miezi ya mwanzo na kuiga sonona barabara. Machozi ya siku ya tatu au ya nne, yanayokauka kabla ya wiki mbili, mwacheni alie, mpeni uji. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kukesha bila hamu ya usingizi, mleteni usiku huohuo. Huo ni ugonjwa mwingine na hausubiri.

Yule mama wa Uyole kiwango chake cha damu kilikuwa 8, pungufu. Nikampa vidonge vya chuma, nikamwanzishia dawa ya sonona, nikamwomba bibi wa mtoto ambebe usiku akishanyonya, mama apate saa nne za usingizi mfululizo. Baada ya wiki tatu kaja kasuka nywele, ananitania kuhusu mwandiko wangu. Kipi kilimsaidia? Faili lake linasema dawa, kwa sababu mimi ndiye niliyeliandika. Moyoni nampigia kura bibi.

Mumewe anasema homoni zimepanda.