Waayalandi na uzao wao duniani: yanayosemwa na yaliyotokea

Kisiwa cha Ayalandi leo kina watu wanaozidi milioni 7 kidogo tu. Serikali ya Dublin husema mara kwa mara kwamba watu wapatao milioni 70 duniani wana asili ya huko. Kwa uzao uliotawanyika kiasi hicho, hadithi zimekuwa nyingi, na mitandao imezifikisha hadi kwetu. Baadhi hazimdhuru mtu. Nyingine zinawadhulumu watu waliokwisha kufa, nami hizo siwezi kuziacha zipite.

"Njaa Kuu ililetwa na ugonjwa wa viazi, basi"

Ugonjwa ulikuwepo kweli. Mkulima wa viazi mviringo wa Njombe au Nyandarua anaujua: ni bakajani chelewa, unaoanza na madoa meusi kwenye majani na baada ya siku chache shamba zima linanuka uozo. Uliingia Ayalandi mwaka 1845, ukarudi 1846 kwa nguvu zaidi, na njaa haikuisha hadi karibu 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakahama.

Lakini ugonjwa huohuo ulishambulia Ubelgiji, Uholanzi na Scotland pia, na hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo palipokufa watu kwa kiwango cha Ayalandi. Huko Ayalandi watu wapatao milioni 3 waliishi kwa viazi karibu peke yake, kwa sababu kipande cha ardhi walichokodi kwa mwenye shamba hakikutosha kulisha familia kwa zao jingine lolote. Nafaka na mifugo vilikuwa vya kulipia kodi ya shamba, na viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza miaka yote ya njaa.

Hapa napo pana jambo la kuangaliwa vizuri, maana wapo wanaosema chakula kilichosafirishwa kingetosha kumwokoa kila mtu. Katika mwaka 1847 nafaka iliyoingia, hasa mahindi kutoka Marekani, ilizidi ile iliyotoka. Wakati huo mahindi yalikuwa sokoni na watu hawakuwa na senti ya kuyanunua. Majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 ndiyo yaliyoua vibaya: mahindi yalikuwa hayajafika kwa wingi, na shehena za shayiri zilikuwa bado zinaondoka bandarini.

Na serikali ya London ilijua la kufanya, kwa sababu ilishalifanya. Kiangazi cha 1847 majiko ya supu yalilisha watu wapatao milioni 3 kwa siku. Kisha yakafungwa, mzigo wakatwishwa walipa kodi wa Ayalandi wenyewe, na sheria ikatamka kwamba anayekodi zaidi ya robo eka hapati msaada mpaka aiachie ardhi. Baba wa familia aliambiwa achague: shamba au mlo.

Huko Strokestown, kaunti ya Roscommon, mwenye mashamba Meja Denis Mahon aliona ni nafuu kuwalipia nauli wapangaji wake 1,490 waende Canada kuliko kuendelea nao. Walitembea kwa miguu hadi Dublin, wakavushwa hadi Liverpool, wakapandishwa meli. Mojawapo ya meli hizo, Virginius, ilikuwa na abiria 476. Kabla haijafika, 158 walikuwa wameshafia baharini. Kwenye kisiwa cha Grosse Île, karibu na Quebec, ambako wagonjwa waliwekwa karantini, walizikwa zaidi ya watu 5,000 mwaka huo mmoja. Mahon mwenyewe alipigwa risasi Novemba 1847. Mtu akikuambia haya yote ni kazi ya kiazi, muulize ni kiazi gani kilichotunga sheria ya robo eka.

"Wote walikuwa Wakatoliki waliokimbia njaa"

Karne nzima kabla ya njaa, Wapresbiteri, yaani Waprotestanti, wa Ulster kaskazini mwa Ayalandi, wengi wao wenye mizizi Scotland, walikuwa wakivuka Atlantiki kwa maelfu. Ndiyo maana tafiti za miaka ya 1970 na 1980 zilikuta kwamba zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaojitaja kuwa na asili ya Ayalandi ni Waprotestanti. Na baada ya njaa, kati ya 1851 na 1921, waliondoka watu zaidi ya milioni 4. Hawa hawakufukuzwa na bakajani. Shamba lilirithiwa na mtoto mmoja, na waliobaki wakatafuta nauli.

Karibu nusu yao walikuwa wanawake, na hili halisemwi vya kutosha. Mabinti wasioolewa walisafiri peke yao, wakafanya kazi za ndani Boston na New York, wakatuma pesa nyumbani, na pesa hizo mara nyingi ndizo zilizomkatia tiketi mdogo wake aliyefuata. Usiku wa kuamkia safari kijiji kilikesha naye kwa nyimbo, ngoma na vilio, kama matanga ya mtu aliye hai, kwa kuwa wazazi walijua hawatamwona tena.

Wazazi wa Andrew Jackson walikuwa wa wimbi lile la Ulster. Waliondoka Antrim mwaka 1765. Mtoto wao akawa rais wa Marekani, akamiliki watumwa, na mwaka 1830 akatia sahihi sheria iliyowang'oa Wachoctaw na mataifa mengine ya wenyeji kwenye ardhi yao. Maelfu walikufa njiani kwa baridi na njaa. Mwaka 1847 Wachoctaw haohao, wakiwa bado maskini wa kutupwa, walisikia kwamba Ayalandi watu wanakufa njaa, wakachanga takriban dola 170 wakazipeleka. Leo mjini Midleton, kaunti ya Cork, imesimama sanamu ya manyoya makubwa ya chuma yaliyopangwa kama bakuli, kuwashukuru. Mwaka 2020 korona ilipowaelemea Wanavajo na Wahopi, wenyeji wengine wa Marekani, Waayalandi wengi walituma michango na kuandika kwamba wanalipa deni la Wachoctaw.

"Waayalandi walikuwa watumwa kama Waafrika"

Hii ndiyo dhana inayosambazwa kwa bidii kuliko zote, na mara nyingi hutolewa ili kumnyamazisha Mwafrika anayezungumzia utumwa: mbona wazungu nao walikuwa watumwa, na wamesahau?

Ukweli wenyewe ni mchungu, haustahili kufichwa wala kutiwa chumvi. Katika miaka ya 1650, baada ya majeshi ya Oliver Cromwell, jemadari wa Uingereza, kuiteka Ayalandi, maelfu walisafirishwa kwa nguvu hadi Barbados na visiwa vya jirani. Wengine walikwenda kwa hiari wakiwa wamejifunga kwa mkataba wa miaka kadhaa ili kulipia nauli. Walipigwa, walishinda njaa, na wengi walikufa kabla ya kumaliza muda wao. Lakini muda ulikuwepo. Ukiisha, mtu alikuwa huru, aliweza kushtaki mahakamani na kumiliki mali, na mtoto wake alizaliwa huru. Sheria ya Barbados ya mwaka 1661 iliwatenga waziwazi: watumishi wa mkataba walikuwa na haki zao, Mwafrika alifanywa mali, yeye na kizazi chake, milele.

Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Marekani, alifika Ayalandi mwishoni mwa Agosti 1845, majira yaleyale viazi vilipoanza kuoza. Aliona vibanda vya maskini wa Dublin na aliandika kwa uchungu mkubwa. Hata hivyo, watu walipoanza kufananisha hali hizo mbili, alisimama akakataa: Mwayalandi ni maskini, akasema, lakini si mtumwa, mwili wake bado ni wake. Sijui shahidi gani mwingine angefaa kuliko huyu.

Kisha angalia Montserrat, kisiwa kidogo cha Karibi. Waayalandi wengi walifika huko kama watumishi, na baadhi yao wakapanda hadi kuwa wenye mashamba ya miwa na wamiliki wa Waafrika. Mwaka 1768 watumwa walipanga uasi tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick, wakijua mabwana zao watakuwa kwenye sherehe na pombe. Siri ikavuja, viongozi wakanyongwa. Leo 17 Machi ni sikukuu ya taifa Montserrat, na wanaoadhimishwa ni waasi wale. Wenyeji weusi wa kisiwa hicho wana majina kama Ryan, Sweeney na Riley. Wanaoyaona majina hayo na kushangilia "udugu wa Waayalandi na Waafrika" wajiulize kwanza yalipatikanaje.

"Majina yalibadilishwa na maafisa wa Ellis Island"

Ellis Island ni kisiwa cha New York kilichokuwa kituo cha kupokelea wahamiaji. Maafisa wa pale hawakuandika majina kwa kusikia. Walisoma orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli bandarini mtu alikoanzia safari, wakaihakiki tu. Majina ya Kiayalandi yalishageuzwa kuwa ya Kiingereza nyumbani kwao, zamani, na mapadre, makarani na wenye mashamba. Hapo ndipo "Ó" na "Mac" nyingi za mwanzo wa majina zilipoanguka. Isitoshe, Ellis Island ilifunguliwa 1892, miaka 40 baada ya njaa. Ukiambiwa babu alikimbia njaa ya viazi akapita hapo, hesabu ya miaka inakataa.

Wa kwanza kusajiliwa pale, tarehe 1 Januari 1892, alikuwa Annie Moore wa Cork, binti wa miaka 17 aliyefuatana na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miongo kadhaa ilisimuliwa kwamba alihamia Texas na kufia huko. Mwaka 2006 watafiti wa nasaba waligundua kuwa yule wa Texas alikuwa Annie Moore mwingine, mzaliwa wa Illinois. Wa kweli hakuwahi kuhama New York. Aliishi kwenye mitaa ya mafukara ya Manhattan, akazika watoto kadhaa, akafa 1924, akalazwa kwenye kaburi lisilo na jina hadi 2008.

"Nyaraka zote ziliungua 1922"

Nyingi ziliungua, ndiyo. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza, hifadhi ya nyaraka katika jengo la Four Courts mjini Dublin iliteketea pamoja na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikungoja moto. Serikali yenyewe ilikwisha kuziharibu. Lakini sensa za 1901 na 1911 zipo nzima, na Hifadhi ya Taifa imeziweka mtandaoni bure. Fomu ya 1911 ilimuuliza kila mwanamke aliyeolewa ana miaka mingapi kwenye ndoa, amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Unakuta nyumba imeandikwa kumi, kisha sita. Ziko pia daftari za ubatizo za parokia za Kikatoliki, na vizazi na vifo vilivyosajiliwa tangu 1864.

Kwa haraka: nembo ya "ukoo" inayouzwa madukani si ya ukoo, maana kwa desturi ya huko nembo hupewa mtu binafsi na wazao wake. Nywele nyeusi za baadhi ya Waayalandi hazikuletwa na mabaharia wa Uhispania waliovunjikiwa meli 1588. Wengi wa waliofika ufukoni waliuawa.

"Walikwenda Marekani tu"

Katika karne ya 20 wengi walivuka kwenda Uingereza, kujenga barabara na kuuguza hospitalini. Waliotoka Westmeath na Longford walifuga kondoo Argentina, nchi ambayo jeshi lake la majini lilianzishwa na William Brown, mzaliwa wa Foxford. Roger Casement wa Dublin ndiye aliyeandika ripoti ya 1904 iliyofichua mikono iliyokatwa na vijiji vilivyohamwa katika Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Waingereza walimnyonga 1916 kwa kupigania uhuru wa kwao. Na Teresa Kearney, mzaliwa wa kaunti ya Wicklow, alifika Nsambya, Uganda, mwaka 1903. Waganda walimwita Mama Kevina, na shirika la masista aliloanzisha 1923 linaendesha shule na hospitali Uganda, Kenya na Tanzania.

"Ukiwa na damu ya Ayalandi, pasipoti ni yako"

Sheria haiangalii damu, wala matokeo ya kipimo cha DNA. Inauliza nani alizaliwa kisiwani. Babu au bibi akiwa mzaliwa wa huko, mjukuu anaweza kujisajili hata kama hajawahi kukanyaga Dublin. Kwa kitukuu ni shida: lazima mzazi wake awe alijisajili kabla yeye hajazaliwa. Upande wa pili, mtoto wa wahamiaji anayezaliwa Dublin leo hapati uraia moja kwa moja. Kura ya maoni ya 2004 iliifuta haki hiyo, na mzazi mmoja lazima awe ameishi nchini kihalali miaka 3 kati ya 4 iliyotangulia. Sensa ya 2022 ilikuta kwamba mkazi mmoja kati ya kila watano wa Jamhuri ya Ayalandi alizaliwa nje ya nchi.