Aliyeugua naye anaweza kuwa mtafiti
Kwa muda mrefu imeaminika kwamba mtu aliyewahi kuugua kichocho, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, hafai kuajiriwa kuwa mtafiti katika jamii yake kwa sababu ataegemea upande wake. Dhana hiyo si sahihi. Upendeleo, ambao hata mwenye shahada anao, hudhibitiwa kwa mafunzo, dodoso lililojaribiwa na uhakiki wa takwimu. Tena mtafiti wa aina hiyo anaijua jamii yake: mvuvi wa Mwanza, kwa mfano, anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, hivyo anayebisha hodi asubuhi kwa mvuvi atamkuta mhojiwa amelala. Jambo linalohitaji tahadhari hasa ni siri za majirani; kwa hiyo mtafiti huyo asiwahoji jamaa zake, na alipwe ujira kamili, si nauli na soda.