CD8 si CD4: yanayosemwa Kigoma kuhusu saratani ya ovari

Hapa Kigoma, neno CD likitajwa, akili za wengi zinakwenda moja kwa moja CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kwenye kipimo cha CD4. Kwa hiyo mama mwenye saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya uzazi) akisikika anazungumzia "CD8" na wanawe, haichukui muda jirani ataanza kunong'ona kwamba kapimwa Ukimwi kimyakimya. Uvumi huo unaumiza, na si kweli. Seli T ni askari wa kinga ya mwili; CD4 ni alama ya aina moja, na CD8 ni alama ya aina nyingine, zile zinazoua seli zilizoingiwa na virusi au zilizogeuka saratani. Kwenye suala hili hata damu haihusiki. Kinachosomwa ni kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe: kinalowekwa kwenye fomalini, kinazungushiwa nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kisha kinatiwa rangi inayoshika seli za CD8 peke yake. Ndipo mtaalamu wa patholojia anainama kwenye darubini kuzitafuta.

Wapo wanaodhani kinga ikiwa nyingi popote pale, inatosha. Hapa ndipo penye uzito wote. Mgambo waliosimama nje ya ua hawamkamati mwizi aliye chumbani. Seli T zikibaki pembeni, kwenye nyama inayozunguka saratani, hazina maana ile ile kama zimepenya katikati ya seli za saratani zenyewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliangalia sampuli 186 za saratani iliyokwishasambaa: wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na seli T ndani, 38% walikuwa hai baada ya miaka 5, ambao hazikuwemo, 4.5%. Na si kila seli T ni rafiki. Mwaka 2004 ilionekana kwamba zile zinazotuliza kinga zikijaa kwenye uvimbe, mgonjwa huishi muda mfupi zaidi.

Je, karatasi ya majibu ya CD8 inasema mama ataishi siku ngapi? Haisemi. Mwaka 2017 zilikusanywa takwimu za wanawake zaidi ya 5,500 kutoka nchi mbalimbali. Kwenye aina ya saratani ya ovari inayoua zaidi, wasio na CD8 kabisa kwenye uvimbe waliishi kwa wastani wa kati wa miaka 2.8, wenye nyingi miaka 5.1. Maana yake ni kwamba katika kila kundi, nusu waliishi zaidi ya hapo. Tena hatua ya ugonjwa, kiasi cha uvimbe kilichobaki baada ya upasuaji, na jinsi saratani inavyoitikia dripu za dawa za saratani vina uzito mkubwa. Hesabu ya CD8 bado si kipimo cha kawaida cha kumchagulia mgonjwa wa ovari dawa, iwe Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, au Ulaya. Ndugu, msimlilie mtu kwa sababu ya namba hiyo.

Halafu kuna chupa za "kuongeza kinga" zinazouzwa sokoni. Hakuna kinywaji kilichothibitishwa kuingiza seli T ndani ya uvimbe wa ovari. Hata dawa za hospitali zilizotengenezwa kuamsha seli hizo zimehangaika: kwenye jaribio kubwa la mojawapo, uvimbe ulipungua vya kutosha kwa takribani wanawake 8 tu katika 100. Anayekunywa mitishamba huku akiwa kwenye dripu amwambie daktari, maana baadhi huliumiza ini.

Kwamba kisu kikigusa saratani inatawanyika? Kwenye ovari upasuaji ndio nguzo ya tiba, na hapo ndipo kinyama cha kusoma kinapopatikana.

La mwisho, nalisikia kila mara: "Nilishapimwa shingo ya kizazi, niko salama." Kipimo kile hakioni ovari. Tumbo likijaa wiki baada ya wiki, ukishiba kwa tonge chache, mkojo ukikubana kila saa, nyonga zikiuma, nenda hospitali ya Maweni hapa Kigoma na uulizie ultrasound ya nyonga.