Maji Meupe Bombani, Ukoko Kwenye Birika: Kabla ya Kuandika Malalamiko

Malalamiko yanayozidi kutufikia kwenye huduma ya maji yanahusu mambo mawili: maji yanatoka bombani meupe kama maziwa, na birika linashika ukoko. Wengi huyajumlisha, kisha wanasema dawa ya kuua vijidudu, yaani klorini, imezidi. Klorini haifanyi hivyo.

Weupe huo kwa kawaida ni hewa. Maji yenye presha huyeyusha hewa nyingi. Bomba likifunguliwa hewa hutoka kwa viputo vidogo mno. Kinga maji kwenye glasi safi, usubiri dakika mbili tatu. Yakitakata kuanzia chini kwenda juu, ni hewa. Kitu kikituama chini, hapo tunahitaji sampuli.

Ukoko ni suala la ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kutoka kwenye miamba. Kipimo chake ni miligramu kwa lita, kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti: chini ya 60 maji ni laini, zaidi ya 180 ni magumu sana. Yakichemka, bikaboneti (chumvi iliyoyeyuka pamoja na kalsiamu hiyo) huvunjika, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka, na kalsiamu kaboneti hugandia kwenye birika. Siki huiyeyusha. Ugumu unaotokana na chumvi za salfeti na kloridi hauondoki kwa kuchemsha. Ukizidisha moto, maji hupungua na chumvi hubaki palepale, zikiwa zimekolea zaidi. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu. Na sabuni isiyotoa povu kwenye maji magumu si lazima iwe bandia.

Tumelisema hili mara nyingi: wauzaji wa vichujio wanaochovya vyuma viwili vya umeme hadi maji yakawa ya kahawia hawajaonyesha uchafu wa maji yako. Ni chuma chao kinacholika na kugeuka kutu. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa, hubaki maangavu kwa sababu karibu hayapitishi umeme, chumvi hazimo. Vilevile, kipimo cha mfukoni cha chumvi hakioni bakteria hata mmoja.

Sasa sampuli, ambako wengi hukosea. Kwa vipimo vya kemia, chukua chupa ya plastiki ya lita moja, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi juu. Kwa bakteria, tumia chupa ya maabara pekee. Usiisuuze: ndani mna thiosalfeti ya kuzima klorini, na ukiimwaga, klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatakudanganya. Acha nafasi ya hewa juu, ili maabara iweze kuitikisa. Mfuniko ushikwe kwa nje tu. Iweke kwenye ubaridi, bila kugandisha, na ifike ndani ya saa 24. Ndani ya 6 ni bora. Andika mahali, tarehe na saa. Sampuli isiyo na lebo, iliyovuja au iliyochelewa hukataliwa, na utaratibu huanza upya. Klorini na pH (kipimo cha uasidi wa maji) hupimwa papo hapo bombani, kwa hiyo usituletee chupa ya juzi ukitaka kujua klorini ilikuwa kiasi gani.