Chama cha walimu si cha mishahara tu

Kuanzia Kasulu hadi Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, wengi wanaamini kwamba chama cha walimu kipo kwa ajili ya mishahara, madaraja na malimbikizo, na kwamba ubora wa ufundishaji ni kazi ya serikali peke yake. Si ajabu. Mwalimu anakiona chama kila mwezi kwenye hati ya mshahara, mstari mmoja wa makato, basi.

Ni kweli mitaala na mitihani ya taifa haipangwi na chama. Lakini pendekezo la kimataifa kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Oktoba 5, 1966, linavitambua vyama vya walimu kama nguvu inayoweza kuendeleza elimu, vishirikishwe katika kutunga sera zake. Kudai muda wa mafunzo kazini ni dai la kazi, na ni dai la taaluma vilevile. Darasa ambalo watoto wanajumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano halisaidiwi na nyongeza ya mshahara pekee; mwalimu anahitaji kukaa na wenzake wachambue kosa hilo linatoka wapi.

Kuhakiki si kazi kubwa. Muombe mwakilishi wa chama shuleni katiba, usome sehemu ya madhumuni. Kisha uliza hesabu za fedha za chama: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka zikaguliwe na wanachama wazione. Tazama fungu la mafunzo. Likiwa tupu, lipeleke kwenye mkutano wa tawi.