Mahakama ya maveterani: kabla hujakiri kosa, uliza kwanza

Mwezi uliopita kijana mmoja, Mkenya aliyewahi kutumikia jeshi la Marekani, alinipigia simu akiwa kwenye ngazi za mahakama. Ameshtakiwa kwa kukutwa na dawa za kulevya. Wenzake wamemwambia: "Wewe kiri tu, utapelekwa mahakama ya maveterani, utatibiwa, ukimaliza kesi inafutwa." Nikamuuliza kama ameshapata uraia. Bado, ana grinikadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu Marekani. Nikamsihi asitamke lolote mbele ya jaji kabla hatujaonana.

Mimi ni wakili wa utetezi, na mahakama hizi, zinazowapeleka askari wa zamani walioshtakiwa kwenye matibabu badala ya jela, nazipenda kwa dhati. Inayojulikana zaidi ilianzishwa Buffalo, New York, Januari 2008, na Jaji Robert Russell, ambaye tayari alikuwa akisimamia mahakama za matibabu kwa watumiaji wa dawa za kulevya na wagonjwa wa akili. Kuna siku aliletewa mzee aliyepigana Vietnam: amejiinamia, hajibu, tiba haimwingii. Jaji akawaomba watu wawili waliokuwa pale mahakamani, nao wamepigana Vietnam, watoke naye koridoni wakazungumze. Mzee aliporudi alisimama wima, miguu imeachana kidogo, mikono nyuma, kama yuko kwenye gwaride. Akamtazama jaji usoni, akasema atajitahidi zaidi.

Ndiyo maana hadi leo roho ya mahakama hizi ni mlezi: veterani mwenzako anayejitolea, ambaye huna haja ya kumweleza ndoto za vita zinavyokatisha usingizi. Pembeni yupo mtumishi wa Wizara ya Maveterani anayekupangia matibabu. Mambo huchukua mwaka au zaidi, na si mteremko: vipimo vya mkojo, vikao vya ushauri nasaha, kurudi mbele ya jaji mara kwa mara.

Sasa tuje kwa yule kijana. Baadhi ya mahakama husimamisha kesi bila mshtakiwa kukiri chochote. Nyingine hutaka ukiri kwanza, kisha ukihitimu ndipo kesi inafutwa. Raia anaweza kuishi na njia zote mbili. Asiye raia hiyo ya pili inamponza, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya Marekani ina tafsiri yake ya kutiwa hatiani: ukikiri, na jaji akakupa adhabu au masharti yanayobana uhuru wako, umehesabiwa una hatia. Mahakama ya jimbo ikija kufuta kesi kwa sababu umemaliza matibabu, uhamiaji hawaitambui hatua hiyo. Kosa la dawa za kulevya linaweza kukufukuzisha nchini, na kuwahi kuvaa sare hakukukingi. Hili linaniuma sana, maana anayenaswa ni yule yule aliyejitahidi akamaliza matibabu yote.

California, tangu 2015, sheria inaruhusu veterani mwenye kosa dogo, na tatizo la kiafya lililotokana na utumishi wake, apelekwe kwenye matibabu bila kukiri. Kwingineko mara nyingi inabidi wakili aombe. Kwa hiyo, ndugu yangu, mweleze wakili wako hali yako ya uhamiaji siku ya kwanza, hata kama hajakuuliza, na umtake azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali chochote.

Kwa kijana wetu tumeuomba upande wa mashtaka kesi isimamishwe bila kukiri. Bado hawajajibu. Wakati tunasubiri, ameshaanza matibabu kwa hiari yake, na kila akitoka kliniki ananitumia picha ya karatasi ya mahudhurio. Naziweka zote kwenye jalada lake.